Umeme Ukiongezwa Nyumbani, Waya wa Ardhi Usiachwe Nyuma

Ndugu msomaji, itazame soketi iliyo karibu nawe ukutani. Ina matundu matatu. Mawili ya chini ndiyo yanayofanya kazi tunayoiona kila siku: pasi inapata moto, redio inasema, jokofu linagandisha. La tatu, lililo juu na lililo kubwa kuliko wenzake, halileti mwanga wala joto. Hii ndiyo sababu katika nyumba nyingi limegeuzwa kuwa tundu la kuchomekea kijiti, kalamu ya wino iliyokwisha au mpini wa mswaki, ili plagi yenye miguu miwili ipate nafasi ya kuingia. Watoto nao hutazama, hujifunza, na siku wazazi wasipokuwapo hujaribu kwa msumari.

Tundu hilo la juu ni la waya wa ardhi, ambao mafundi wetu huuita ethi. Wengi tumekaa nalo miaka mingi bila kuuliza limefungwa na nini huko nyuma ya ukuta. Katika nyumba zisizo chache jibu ni kwamba halikufungwa na kitu chochote. Lipo kwa sababu kiwanda kilichotengeneza soketi kililiweka.

Makala haya yanamhusu hasa mwananchi wa Mpanda na wa Mkoa wa Katavi kwa jumla, ingawa aishiye Tabora, Sumbawanga au Kigoma hatakosa la kumfaa. Sababu ni kwamba matumizi ya umeme katika mji huu yamebadilika upesi kuliko nyumba zenyewe. Mpanda ulianza kukua kama mji wa madini; reli ya kutoka Kaliua ililetwa huku kwa ajili ya risasi iliyochimbwa katika eneo la Uruwira. Kwa miaka mingi baadaye mji uliwashwa na mitambo ya dizeli, iliyo mbali na Gridi ya Taifa, na umeme wake ukawa wa kugawana. Mwenye nyumba wa Kashaulili au Makanyagio aliyeingiza umeme wakati huo alihitaji balbu nne, soketi mbili, redio, na baadaye televisheni. Mwaka 2012 Katavi ilitengwa kutoka Rukwa ikawa mkoa, na Mpanda ukawa makao makuu yake. Ofisi zikaongezeka, watumishi wakahamia, nyumba za kupanga zikajengwa Nsemulwa, Ilembo na Kawajense. Kisha ikajengwa laini kubwa ya kilovolti 132 kutoka Tabora, kupitia Ipole na Inyonga, hadi Mpanda, ili kuutoa mkoa katika dizeli na kuuingiza katika Gridi.

Basi zile balbu nne zimepata wenzake wengi. Kuna jokofu, pampu ya kupandisha maji tangini, jiko la sahani mbili, sufuria ya umeme ya kupikia maharage, na hita ya kuogea ambayo peke yake yaweza kula wati 5,500, yaani ampea 24 kwa mkupuo mmoja. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi, na umeme umo ndani ya hesabu hiyo. Wengine wameweka uani mashine ya kusaga na kukoboa, au ya kuchomelea vyuma. Na wapo walioanza na kile kibao kidogo kiitwacho UMETA, Umeme Tayari, kinachotundikwa ukutani kikiwa na soketi na swichi zake, ambao sasa wanataka nyumba nzima itandazwe nyaya.

Hapo ndipo mwenye nyumba anapokwenda TANESCO kuomba abadilishiwe umeme kutoka njia moja kuwa njia tatu, au anapomwita fundi aje kubadili meni swichi na kuongeza breka. Orodha ya vifaa huandikwa: waya mnene wa kuingilia, boksi jipya la breka, soketi, mabomba ya plastiki. Akiuliza habari za ethi aghalabu hujibiwa, "Mzee, ethi ipo tayari, ilichimbiwa zamani." Na orodha inafungwa.

Yafaa tulieleze jibu hilo kwa kirefu, kwa kuwa ndani yake mna hatari ambayo mtu huweza kulala nayo chumba kimoja kwa miaka kumi asiijue.

Waya wa ardhi hufanya kazi siku moja tu, siku ya hitilafu. Siku nyingine zote hukaa kimya. Tuseme panya ametafuna waya ndani ya jokofu, au koili ya hita imepasuka, na waya wenye moto, ule wa fezi, umegusa bodi ya chuma. Bila waya wa ardhi bodi hiyo hubaki imebeba volti 230 ikingoja mtu. Jokofu halizimi, taa haizimi, hakuna moshi. Anayeligundua jambo hilo ni mama anayetoka kufua akiwa na mikono mibichi, au mtoto asiye na viatu juu ya sakafu ya saruji. Waya wa ardhi ukiwapo, umeme uliopotea njia hupata pa kwenda, yaani kwenye fimbo iliyochimbiwa nje ya nyumba, na kupitia udongo hadi kwenye transfoma uliyounganishwa nayo, ambayo nayo ina fimbo zake.

Wengi huamini kwamba mambo yamekwisha hapo: umeme umekwenda ardhini, fyuzi imekatika, watu wamepona. Laiti ingekuwa hivyo. Hebu tupige hesabu, nayo ni ya kugawanya tu, mwanafunzi wa sekondari anaweza kukusaidia.

Udongo si waya wa shaba. Unaupinga umeme, na upinzani huo, au ukinzani, hupimwa kwa omu. Fimbo ya kawaida yenye urefu wa meta 1.2 na unene wa milimita 16, ikizama yote katika udongo wa wastani wenye unyevu, huwa na ukinzani wa kama omu 70. Ongeza omu 10 kwa ajili ya fimbo za upande wa transfoma, jumla 80. Gawa volti 230 kwa 80, utapata ampea 2.9. Sasa kitazame kikatio kikuu cha nyumba yako: kimeandikwa 32, au 40, au 63. Ampea 2.9 ni kitu gani kwake? Anaona kama umewasha pasi ndogo. Hakatiki leo, wala kesho, wala mwaka ujao.

Yapo mambo mawili yanayofuata. La kwanza ni la fedha: ampea 2.9 kwa volti 230 ni kama wati 660, na zikiingia ardhini usiku na mchana hula uniti zipatazo 16 kwa siku. Mwenye nyumba hulalamika kwamba luku inakimbia, hulaumu mita, huwagombeza watoto kwa kuacha taa zinawaka. La pili ndilo la kutisha. Kwa kuwa sehemu kubwa ya upinzani iko kwenye fimbo yako, sehemu kubwa ya volti nayo hubaki kwako: kama 200 katika zile 230. Na waya wa ardhi, kwa jinsi ulivyotandazwa, umeunganisha kila chuma kilichofungwa nao. Jokofu limeharibika sebuleni, lakini bodi ya pasi chumbani, bodi ya jiko na bomba la pampu uani vyote vimepanda volti 200. Ule waya uliowekwa kumlinda mtu na kifaa kimoja kibovu umeueneza ubovu kwa vile vizima.

Hili, ndugu msomaji, halina maana kwamba waya wa ardhi uondolewe, kama baadhi ya watu walivyowahi kufanya walipoona bafuni "panatekenya". Maana yake ni kwamba fimbo peke yake ni nusu ya kazi. Nusu ya pili tutaifikia.

Kabla ya hapo tuitazame ardhi yenyewe ya Katavi. Mvua zetu huanza karibu na Novemba na kwisha karibu na Aprili, na miezi iliyobaki nchi hukauka hadi nyasi za miombo huwaka moto. Sehemu nyingi udongo ni wa kichanga, na kwingine mwamba uko karibu na uso wa nchi. Udongo ukikauka upinzani wake hupanda mno. Mchanga mkavu huweza kuwa na upinzani mara kumi ya ule wa udongo wenye unyevu. Kwa hiyo fimbo iliyochimbiwa mwezi Februari, fundi akaisifu, huweza kuwa na omu 700 ifikapo Septemba. Kwa omu hizo hitilafu ileile itapitisha theluthi moja tu ya ampea. Hata luku haitakusaidia kuigundua, maana wati zinazopotea ni kama 75, sawa na balbu moja ya zamani. Lakini volti zilizo juu ya bodi zitakuwa 227.

Mafundi wa kale walijua habari za ukavu, ndipo ikaenea desturi ya kumwaga chumvi na mkaa kwenye shimo la fimbo. Desturi hiyo si ya kipumbavu. Chumvi hupunguza upinzani wa udongo kweli, na mkaa hushika unyevu. Ubaya wake ni kwamba chumvi huliwa na mvua ikaondoka, na kabla ya kuondoka huila fimbo. Misimu michache ikipita unabakiwa na shimo lisilo na chumvi na chuma chenye kutu. Dawa ya kweli ni urefu. Fimbo ya meta 2.4 iliyozama yote hushuka kutoka omu 70 hadi kama 40 katika udongo uleule, na zaidi ya hayo huufikia udongo wa chini ambao kiangazi hakiukaushi upesi. Palipo na mwamba, chimba fimbo mbili au tatu, kila moja ikiwa mbali na mwenzake kwa angalau urefu wa fimbo yenyewe, kisha ziunganishwe kwa waya wa shaba. Zikisongamana shimo moja hazisaidiani.

Hapa niseme bila kuzunguka: nondo ya kujengea si fimbo ya ardhi. Wala si fimbo ya ardhi ile iliyogonga jiwe ikakatwa kwa msumeno, kipande cha juu kikapigwa nyundo ili kionekane kimezama. Fimbo inayofaa ni ya chuma cha pua kilichopakwa shaba nene, au ya shaba, na kibano chake kiwe ndani ya kishimo chenye kifuniko, mahali unapoweza kukifunua na kukitazama. Fimbo iliyofunikwa kwa saruji ya baraza, ambayo hakuna anayejua imeishia wapi, ihesabu kama haipo.

Na vipi kuhusu kipimo cha balbu? Wenye nyumba wengi wamekiona: fundi hushika balbu ya wati 100, waya mmoja kwenye fezi, mwingine kwenye fimbo, balbu inawaka, naye anasema, "Unaona? Ethi iko vizuri." Balbu hiyo ikiwa moto ina omu kama 529. Ikiunganishwa na fimbo yenye omu 200, ambayo ni fimbo dhaifu, bado itapata volti 167 na itawaka, hafifu kidogo, lakini itawaka na watu watapiga makofi. Kipimo hicho huonyesha tu kwamba waya haujakatika. Tena anayekifanya huitia fimbo moto wakati watu wamesimama pembeni yake. Kipo chombo maalumu cha kupima ukinzani wa ardhi, nacho hutaja omu kwa tarakimu. Fundi anayefanya kazi ya kubadili umeme wa nyumba nzima na hana chombo hicho, wala hajui pa kukiazima, ana haki ya kufunga balbu, si kubadili meni.

Sasa tuje kwenye ile nusu ya pili. Ni kikatio kinachoandikwa RCD au RCCB, chenye kitufe kidogo cha herufi T. Kazi yake ni kulinganisha. Umeme unaoingia nyumbani kwa fezi sharti urudi wote kwa nyutro. Ikiwa zimeingia ampea 5 na zimerudi 4.97, kikatio hujua kwamba miliampea 30 zimepotea, huenda ndani ya ardhi, huenda ndani ya mtu, nacho hukata kwa muda usiozidi sehemu tatu za kumi za sekunde. Mvujo ukiwa mkubwa hukata upesi zaidi. Mwili wa binadamu mwenye mikono mibichi, akigusa volti 200, huweza kupitisha miliampea 200, na kiasi hicho hutosha kuuvuruga moyo. Kwa hiyo tofauti kati ya breka ya ampea 32 na kikatio cha miliampea 30 si ya ukubwa tu. Breka hulinda waya usiungue. Kikatio cha mvujo humlinda mtu.

Linganisha na hesabu yetu. Fimbo ya omu 70 ilipitisha ampea 2.9, breka ikalala. Kikatio cha miliampea 30 kingeona mvujo huo ni mkubwa karibu mara mia na kukata mara moja. Hata ile fimbo ya Septemba yenye omu 700 ingekiwezesha kukata. Kwa kanuni, kikatio hicho huweza kufanya kazi hata na fimbo ya omu zaidi ya 1,600, lakini wahandisi hupendelea isizidi 200, kwa sababu fimbo inayovuka hapo huwa haitabiriki, leo hivi na kesho vile.

Mtu ataniuliza: ikiwa kikatio ni hodari namna hiyo, fimbo ya nini? Bila waya wa ardhi hakuna mvujo mpaka apatikane wa kuvujiwa. Jokofu bovu litakaa na moto wake, na kikatio kitakata siku mtoto atakapoligusa. Ataruka, ataanguka, huenda akapona. Fimbo ikiwapo, kikatio hukata dakika ileile waya ulipogusa bodi, pengine usiku wa manane watu wamelala. Hicho ndicho tunachokitaka.

Kwa nyumba kubwa au yenye mashine uani, kikatio kimoja cha miliampea 30 kwa nyumba nzima huleta kero: pampu ikilowa, sebule inakuwa giza. Afadhali pawe na kikubwa mbele, cha miliampea 100 au 300 chenye kuchelewa kidogo, na vidogo vya 30 nyuma yake kwa soketi na bafu. Ukichagua hivyo, kumbuka kwamba kile kikubwa kinadai fimbo iliyo bora zaidi. Cha 300 hakitaki zaidi ya omu 166.

Kuna kisa kinachotokea mara nyingi wakati wa kubadili umeme katika nyumba kuukuu. Fundi anafunga kikatio kipya, anawasha, kinakata. Anawasha tena, kinakata. Mchana kutwa inakuwa hivyo, hadi mwenye nyumba anaanza kununa kwa sababu ya fedha aliyotoa, na jioni fundi anakiruka, anaunganisha nyaya moja kwa moja, kikatio kinabaki boksini kama pambo. Kwa kawaida kikatio hicho hakikuwa kibovu. Kilikuwa kinasema kweli: mahali fulani ndani ya nyumba nyutro na waya wa ardhi vimegusana, au soketi imefungwa nyutro kwenye tundu la ardhi.

Na hilo la mwisho linastahili aya yake. Baadhi ya watu, palipokosekana fimbo, waliunganisha tundu la ardhi na nyutro ndani ya soketi, wakidai kwamba "nyutro nayo ni ardhi." Siku zote ambazo nyutro ni nzima hutaona tofauti. Siku itakapokatika nguzoni kwa upepo wa mvua za masika, umeme uliokwisha kupita kwenye balbu yako utarudi kwa waya huo hadi kwenye bodi za vifaa vyako vyote, na volti ni zilezile 230. Katika umeme wa njia tatu nyutro ina hatari nyingine. Ikikatika, njia zile tatu hunyang'anyana mzigo, na chumba chenye matumizi madogo huweza kupandishiwa volti kuelekea 400. Televisheni, chaja na jokofu huungua kwa pamoja. Fimbo haizuii hilo, wala kikatio cha mvujo. Linazuiwa na viungo vya nyutro vilivyokazwa vizuri, na kwa mwenye uwezo, kifaa cha kukata volti zikizidi. Ukihama kutoka njia moja kwenda njia tatu, simama uone nyutro ikikazwa.

Unene wa waya nao sharti uongozane. Unapobadili waya wa kuingilia kutoka milimita za mraba 10 kwenda 16, waya wa ardhi ulioachwa na fundi wa zamani, aghalabu wa 2.5 wenye kijani kilichopauka, haufai tena. Kanuni ni hii: fezi ikiwa ya 16 au chini yake, waya wa ardhi uwe sawa nayo, ikiwa kati ya 16 na 35, waya wa ardhi usipungue 16, ikizidi 35, uwe nusu yake. Mabomba ya chuma yanayoingia nyumbani, na fremu za chuma za tangi na pampu, nayo yaungwe na waya wa ardhi. Zamani watu walitumia bomba la maji kama fimbo, na lilifaa kiasi kwa kuwa lilikuwa chuma kirefu kilichozikwa. Siku hizi mabomba ni ya plastiki. Fundi wa maji akibadili kipande kimoja tu barabarani, ethi yako imekwisha bila wewe kuarifiwa.

Kisha rangi. Katika nyumba zilizotandazwa zamani fezi ni nyekundu na nyutro ni nyeusi. Kwa njia tatu fezi ni nyekundu, njano na bluu. Uingereza, ambako taratibu zetu nyingi zilitoka, iliacha rangi hizo kati ya mwaka 2004 na 2006 ili kufuatana na Ulaya, na nyaya zinazouzwa madukani leo ni za mtindo mpya: fezi kahawia, nyutro bluu; kwa njia tatu kahawia, nyeusi na kijivu. Tazama mtego ulipo. Nyeusi iliyokuwa nyutro sasa ni moto. Bluu iliyokuwa moto sasa ni nyutro. Nyumba inayoongezwa umeme huwa na za zamani na za sasa ndani ya boksi moja, na fundi kijana aliyesoma rangi mpya hukutana na kazi ya fundi mzee. Sharti kila waya upimwe na kubandikwa alama kabla ya kufungwa. Kijani yenye mstari wa njano peke yake ndiyo iliyobaki kuwa ya ardhi, na isitumiwe kwa kazi nyingine hata kama kipande kimebaki na duka limefungwa.

Jenereta ndogo, ambazo wengi walinunua wakati wa mgawo, zina neno lao. Aghalabu nyutro ya jenereta ya kubeba haikuunganishwa na ardhi, kwa hiyo ukiwasha nyumba kwayo kikatio cha mvujo huweza kukaa tu kisikate. Swichi ya kubadilishia na muungano wa nyutro hiyo ni kazi ya kumwachia anayeijua. Usichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani kamwe. Umeme utatoka kwenda nguzoni na kumkuta fundi wa TANESCO aliyepanda akiamini laini imezimwa.

Nani basi aifanye kazi hii? Leseni za mafundi wa umeme hutolewa na EWURA, nazo zina madaraja kulingana na ukubwa wa kazi. Mwenye leseni ya nyumba ndogo si lazima aruhusiwe kufunga mashine ya njia tatu. Mwombe akuonyeshe. TANESCO nayo hutaka mchoro wa nyaya uliogongwa muhuri na mkandarasi mwenye leseni. Wapo wanaouza muhuri bila kuiona nyumba, na wenye nyumba wanaofurahi kwa kuwa ni rahisi. Kabla ya kumlipa fedha ya mwisho mtake aandike omu alizopata kwenye fimbo na tarehe aliyopima. Akipima wakati wa mvua, apangiwe arudi Septemba au Oktoba.

Limebaki suala la wapangaji, ambao katika mji wetu ni wengi. Nyumba moja ya vyumba sita, luku moja, kila familia na jiko lake la umeme uani au chumbani, na meni ambayo mwenye nyumba aliinunua alipokuwa na taa sita. Fimbo na kikatio ni mali ya nyumba, kama bati na mlango, na ni mwenye nyumba anayepaswa kuvinunua. Lakini anayeogea kwenye bafu lile ni mpangaji. Njia iliyo nafuu ni wapangaji kukaa naye kabla ya mwezi wa kodi kuanza na kukubaliana gharama ikatwe kidogo kidogo katika kodi. Kikatio kikiisha fungwa, kitufe cha T kibonyezwe mara moja kila mwezi, kwa zamu, pasi na majokofu yakiwa yamezimwa. Umeme ukikatika papo hapo, kirudishe juu uendelee na shughuli zako. Usipokatika, zima meni na umwite fundi siku hiyohiyo.